Viatu vya Mghoi

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nikiwa nachambua mboga, mwanangu. Ni siku ile mama mmoja mzee wa Kichina aliposhuka kwenye treni hapa Voi, akaja mpaka mlangoni kwangu, nami nikamwona mwizi kabla hajanisalimu.

Reli ilipokuwa ikijengwa, binti yangu Wakesho alikuwa akipika kambini kwa wajenzi. Akapendana na kijana mpimaji, Lin. Akazaliwa Mghoi, mjukuu wangu, akapewa jina langu kama tufanyavyo sisi Wadawida, Wataita. Rangi yake ni yetu, macho ni ya kwao. Reli ikaisha, Lin akahamishiwa nchi nyingine. Alikuwa akipiga simu, sitamsingizia, lakini simu haimwoshi mtoto wala haimpikii uji. Wakesho naye akaenda kutafuta kazi Mombasa, mtoto akabaki na mimi. Wenzake wakimwita Mchina, nilimwambia awatukane kwa Kidawida, waone mgeni ni nani.

Miaka ikapita. Lin akapiga simu kwamba anakuja na mama yake kumsalimia mtoto. Kusalimia! Nani anapanda ndege kutoka China aje kusalimia tu? Shule niliiacha mapema, lakini hilo halikuhitaji mwalimu: wanakuja kumchukua. Nikakusanya viatu vya Mghoi, vya shule na ndala pia, nikavifukia ndani ya pipa la mahindi. Mtoto hasafirishwi pekupeku. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Wakaja. Lin alikuwa amenenepa, bado anaongea Kiswahili chake cha kambini, cha leta hiki, fanya haraka. Mama yake alikuwa mdogo wa mwili, nywele nyeupe, amekumbatia mfuko wa kitambaa na hataki kuuweka chini. Nikaukazia macho ule mfuko. Nilimpa chai, akashika kikombe bila kunywa, macho yote kwa mtoto. Kisha akainama, akampima unyayo kwa shubiri yake. Damu ilinipanda. Ndivyo tunavyomkagua mbuzi mnadani. Nikamvuta Mghoi, akajificha nyuma ya kanga yangu.

Yule mama akasema neno, Lin akageukia mlangoni badala ya kulitafsiri.

"Usinifiche, Lin," nikamwambia. "Sema alivyosema."

"Anauliza kwa nini mtoto hana viatu."

Nikasema vimechanika. Mghoi, ambaye huo ulimi sijui kautoa wapi, akachungulia. "Nyanya, si uliviweka kwa pipa?"

Lin alicheka. Mama yake hakucheka. Alifungua mfuko, akatoa viatu vya nguo vilivyoshonwa kwa mkono, soli yake tabaka juu ya tabaka la kitambaa. Jozi ya kwanza ilikuwa ya mtoto mchanga, iliyofuata kubwa kidogo, nyingine kubwa zaidi. Kila mwaka alikuwa akishona jozi moja, akikisia mguu wa mtoto ambaye hajawahi kumwona. Ile kubwa kuliko zote ndiyo iliyomwingia Mghoi, na hata hiyo ilimbana kidole gumba.

Mwingine angelia hapo. Mimi nilizidi kushuku. Mtu anayeshona hivyo hakuja kusalimia.

"Mama," nikamwambia usoni, "umekuja kumchukua?"

Lin akamtafsiria. Yule mama akaweka kikombe chini.

"Ndiyo," Lin akasema kwa niaba yake. "Alikuja kumwomba."

Basi nilikuwa sawa, na sioni haya kusema hivyo. Lakini mama yule aliendelea, Lin akitafsiri huku ameinamisha kichwa. Baba yake mwenyewe alivuka bahari kwenda kuchimba bati ugenini, yeye akiwa bado ananyonya, akaoa hukohuko. Ana ndugu huko ambao lugha yake hawaijui wala sura yake hawajaiona. Alihofia Mghoi naye apotee hivyo. Ila ameona mtoto alipokimbilia. Hatamtoa hapo. Anaomba tu akue akijua kwamba upande wa pili upo.

Nilipokuwa msichana kijijini Makwasinyi, nyanya yangu alinikuta nimemnunia dada yangu, nami nimembeba mtoto wa dada huyohuyo. Akanipokonya yule mtoto. Akaniambia hasira ya moyoni inamdhuru mtoto hata kama umefunga mdomo. Itaje, kisha uiteme. Ndiko kutasa kwetu: unaitema hasira pamoja na maji, kisha unabariki.

Basi nikasimama. Nikamwambia yule mama wazi kwamba nilimshuku na viatu nilivificha mimi. Nikachukua maji kinywani, nikayapuliza miguuni kwa Mghoi huku nikimnenea mema. Maskini, yule mama aliruka, akidhani natemea kazi ya mikono yake! Sasa ikawa zamu yake kunishuku. Lin alipomweleza, akaomba kikombe cha maji, akapuliza na yeye. Nusu ya maji iliishia kwenye kanga yangu.

Mwanangu, sikwambii umwamini kila anayebisha hodi. Shuku, lakini usishuku kimyakimya. Uliza palepale mlangoni, na ukiulizwa, jibu kweli kama alivyonijibu yule mama. Na mtoto usimfiche upande wake mmoja kwa sababu wewe unauogopa. Siku moja atauliza, na hapo wa kushukiwa utakuwa wewe.

Haya, safari yako inakungoja, sogea nikutasie. Hasira yangu naitema. Uende mbali na ufike, urudi ukute mlango uko wazi, na popote utakapoketi asiwepo wa kukuita mgeni.