Fundi Kavu na Maji ya Waridi

Jina la Kavu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa ajili ya mazoea yake ya kupitisha kiganja chini ya injini asubuhi, kabla haijawashwa, kisha kukiinua hewani na kutangaza: "Kavu!" Akishasema kavu, hakuna kinachovuja, na mwenye gari achukue funguo zake aende zake. Alikuwa fundi mzuri, tusimnyime haki yake. Ila alichukia kuinama juu ya injini ya moto, tangu siku mfuniko wa rejeta ulipomrukia ukambabua mkono, na alichukia zaidi kuambiwa kitu mara ya pili.

Basi ugonjwa wa magari ukaja kumfuata nyumbani. Mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikuwa na gari dogo lenye turbo, kile kidude kinachoipulizia injini hewa ili ipande mlima bila kulialia. Gari hilo likaanza kunywa maji. Halikuchuruzika, halikutoa moshi mweupe, na oili yake ilikuwa safi, haina dalili ya kuchanganyika na maji. Kavu alilitandikia boksi chini usiku kucha, asubuhi boksi halina hata tone. Akalipima kwa pampu ya presha, mshale ukasimama ngangari.

"Baba Watoto, taa ya joto imewaka tena pale mlimani," mkewe alimwambia.

"Mlima gani? Kavu hilo. Mfuniko hukuukaza vizuri."

"Na kuna harufu tamutamu nikishaegesha."

"Hiyo ni marashi yako."

Tangu hapo mke hakulitaja tena gari, na Kavu akajua limepona. Aliamini hivyo hadi asubuhi moja alipofungua boneti.

Gari lile lilitumia maji ya rangi ya waridi, yale maalumu ya kupozea injini. Kavu hakuwa nayo karakanani, kwa hiyo yalipopungua alijazia maji ya kuchemsha, na rangi ikawa inapauka siku hadi siku. Sasa tangi lilikuwa limejaa hadi kwenye alama, na waridi imekolea. Alisimama na mfuniko mkononi. Yeye hakujaza. Na maji ya rangi ile aliyauza mtu mmoja tu upande wao wa mji: Msafi.

Msafi na Kavu walijifunza ufundi pamoja, chini ya bwana mmoja. Msafi alivaa ovaroli iliyopigwa pasi (fundi gani anapiga pasi ovaroli?), alinawa mikono hata kabla ya kushika spana, na zamani, Kavu hajaoa, naye alikuwa akimpigia hesabu binti yule yule aliyekuja kuwa mke wa Kavu. Karakana yake ilitazamana na geti la hospitali. Hospitali ile ile aliyofanyia kazi mke wa Kavu.

Kavu aliona wivu. Mtu akimtazama mkeo barabarani utafanyaje, utamfunga kitambaa machoni? Lakini kumfungulia boneti! Kuingiza vidole vyake vilivyotakata ndani ya gari ambalo mwenye nalo ameolewa na fundi! Angesikia mkewe amealikwa chakula kwa Msafi angeumia, lakini hili la maji lilimkata maini.

Akaanza kumchunguza. Mke akiimba anapopiga pasi sare yake, Kavu anajiuliza anaimbia nini. Mke akichelewa, anamngoja mlangoni.

"Leo umechelewa."

"Kuna mama kajifungua pacha."

"Pacha wa nani?" Kavu aliuliza, na papo hapo mwenyewe akaona aibu.

Mwishowe uvumilivu ukamwishia. Asubuhi mkewe alipotoka kwenda zamu, Kavu alidandia pikipiki, akapita njia ya mkato, akajibanza nyuma ya kibanda cha magazeti karibu na hospitali. Gari likafika likihema kwa mlima. Mke akashuka, akampa Msafi funguo, akasema neno, wakacheka wote wawili, kisha akavuka barabara mbio na kuingia getini. Funguo! Damu ilimchemka Kavu, akaivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto.

"Unafanya nini na gari la mke wangu?"

Msafi alikuwa ameshainua boneti. "Karibu kaka. Nalisubiri lipoe nimwongezee shemeji maji."

"Shemeji wa wapi? Nani shemeji yako?"

"Haya, nimwongezee mkeo."

Kavu akamkunja kola. Na hapo alipomkunja ndipo harufu ilipomfikia, tamutamu, wala haikuwa marashi. Akageuza shingo. Injini ilikuwa imezimwa sasa hivi, na nyuma ya turbo, kwenye bomba jembamba linaloipelekea maji, uzi wa mvuke ulikuwa unapanda. Tone lilichungulia kwenye maungio, likagusa chuma cha moto, likatoweka kabla halijadondoka. Pale pote palikuwa na ukoko wa waridi. Maji ya kuchemsha yasingeacha alama; ni waridi ya Msafi iliyopachora mahali pa ugonjwa.

Mkono wa Kavu ukaiachia kola wenyewe. Msafi alitazama alama za vidole vya oili zilizobaki kwenye ovaroli yake, akasikitika kimyakimya.

"Likipoa maungio yanabana, likiwa moto yanaachia," alisema. "Ndiyo maana asubuhi hulipati tone."

"Umelijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza alipolileta."

"Na hukulifunga? Ulitaka awe anakujakuja hapa?"

"Alinikataza, kaka. Aliniambia, 'Wewe niongezee maji tu nifike nyumbani. Huyu mgonjwa ana daktari wake. Bomba usiliguse, ataliona mwenyewe.'"

Kavu alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa ngumi, hata kwa kulia. Kwa hili hakujiandaa.

"Niazime spana," alisema.

Wakangoja chuma kipoe. Kavu akafungua bomba, akabadilisha washa zilizochoka, vile vipete vya shaba vinavyoziba maungio, akakaza. Msafi alimshikia taa, bomba hakuligusa. Kabla ya kuondoka Kavu akamwomba jambo moja: mkewe akija kuchukua funguo, asiambiwe kitu.

Alasiri mke alirudi, akaketi kuvua viatu. "Leo taa haikuwaka," alisema.

Kavu angeweza kunyamaza, lakini sifa zilimwasha. "Nimeshalitengeneza. Nimelifikiria mpaka nikalipata. Ni bomba la turbo, linavuja likiwa moto tu."

"Kumbe!" Macho yakamtoka pima. "Nani angejua!"

Alijifanya hajui, na alijifanya vizuri. Lakini uso ule Kavu aliujua. Ndio aliomwonyesha mtoto wao alipoleta mchoro wa ng'ombe mwenye miguu sita. Wivu ukamrudia, mkali kuliko wa asubuhi. Msafi aliambiwa mambo yenyewe, taa, mlima na harufu. Yeye, mume, anapewa "Kumbe!"

"Ulikuwa unajua," alisema. "Msafi ameniambia. Mbona mimi hukuniambia?"

Mke akakiweka kiatu chini taratibu.

"Nilikuambia, Baba Watoto," alisema, bila hasira. "Nilikuambia mlima, nikakuambia harufu. Ukasema kavu."

Kavu alichukua funguo mezani, akatoka uani ambako gari bado lilikuwa linatoa joto. Akainua boneti, akainama juu ya injini ya moto, akamwita mkewe aje asimame karibu yake.

"Niambie tena," alisema. "Anzia pale mlimani."