Mahadhi ya Tarishi

Ragnhild Overgaard hakai. Nalisema hili kwa uhakika, maana nimempigia kodiani, kile kinanda cha kukumbatia kifuani, katika sherehe nyingi kuliko nilizowahi kualikwa kwa mapenzi, na sijamwona hata siku moja akimaliza kikombe cha kahawa akiwa kwenye kiti. Akinywa, anatembea. Akiongea na simu, anafagia. Saluni yake ina viti vitatu na vyote ni vya wateja, mwenyewe hajajiwekea hata kigoda.

Hapa kisiwani Mors, Denmark, mtu akitimiza miaka hamsini, akioa, akipata kipaimara au akistaafu kazi ya kukamua ng'ombe, lazima aimbiwe wimbo wake. Wimbo wake hasa, wenye jina lake, jina la mbwa wake na ile siku alipotumbukiza trekta mtaroni. Maneno hutungwa mapya, mahadhi huazimwa kwa wimbo ambao kila mtu anaujua tangu shuleni. Karatasi zinagawiwa mezani, juu pameandikwa mahadhi ni ya wimbo gani, watu wanaimba bila mazoezi. Sisi ni watu wa midomo mizito. Mume anaweza kuishi na mkewe mpaka wote wakaota mvi asimwambie kwamba anampenda, lakini mpe ubeti wenye vina, utamsikia analiimba jambo hilo mbele ya ukumbi mzima huku ameinua glasi.

Mtunzi wetu ni Ragnhild. Habari anazipata saluni, kwa sababu mtu aliyelazwa kichwa kwenye beseni, maji ya vuguvugu yakimpita masikioni, hana siri. Anakata nywele huku anahesabu mizani kwa mkasi. Ukisikia mkasi unalia hewani bila kukata kitu, jua kuna ubeti unazaliwa, na usitikise kichwa.

Baba yake alikuwa tarishi. Alizungusha barua kwa baiskeli nusu ya kisiwa, akarudi jioni miguu imevimba, na bado alikuwa na nguvu ya kuwaimbia binti zake wawili, Tove mkubwa na Ragnhild mdogo, waliolala kitanda kimoja cha mbao. Wimbo aliutunga mwenyewe juu ya mahadhi ya dansi ya zamani ambayo hakuna anayekumbuka yalitoka wapi:

Lala mwanangu, barua
zimelala mfukoni,
upepo nao watua,
baba yuko mlangoni.

Ubeti ukiisha, aligonga ubao wa kitanda mara mbili kwa kidole, kama anavyogonga milango ya watu. Mtoto aliye macho alitakiwa kujibu kwa kugonga mara mbili. Akijibiwa, anaimba tena. Asipojibiwa, anazima taa. Ragnhild alijibu kila siku. Tove hakujibu hata mara moja, alifumba macho na kupumua kwa nguvu kama mtu mzima.

Sasa niseme ugomvi ulivyokuja. Bucha wetu alitimiza miaka hamsini, sherehe ikakaribia, na Ragnhild akawa amekwama. Kila mahadhi aliyoyashika yalishatumika mwaka uleule. Basi akachukua ya baba yake, akayaongezea mwendo, nami nikayapiga bila kujua ni ya nani:

Kisu chake ni kikali,
nguruwe wamkimbia,
tumbo limefika mbali,
mwenyewe afuatia.

Na mwisho wa ubeti, makofi mawili mezani. Pa, pa. Glasi ziliruka. Bucha alicheka mpaka akafunguliwa kola. Wimbo ule ulitoka ukumbini ukaenea kisiwa kizima: timu ya mpira ikautia maneno yake, wazima moto wakautia yao, watoto wa shule wakautia mengine ambayo siwezi kuyaandika. Maneno yalibadilika kila mahali, makofi hayakubadilika.

Kisha mama yao akafa. Kwenye kahawa ya mazishi Tove alisimama, akaomba tuimbe wimbo wa baba yao, kwa maneno yale ya kwanza. Tukaanza vizuri, taratibu. Tulipofika neno "mlangoni", wanaume wawili wa meza ya dirishani, watu wazima waliovaa suti nyeusi, wakapiga meza. Pa, pa. Mikono yao ilikwenda yenyewe, nawaamini. Mtu mmoja akakohoa kuzuia kicheko, mwingine akashindwa, na mwisho karibu ukumbi wote ukawa unatikisika mabega. Tove hakulia. Alichukua koti lake, akapita mbele ya mdogo wake na kumwambia maneno ambayo tuliyasikia wote.

"Ulikuwa na nyimbo zote za Denmark, Ragnhild. Zote. Ukachukua hii."

Tangu siku ile hawakusemezana. Nyumba zao zinatazamana bustani kwa bustani, lakini Tove akawa anavuka daraja kwenda kukatwa nywele bara na kurudi na kichwa ambacho, kwa heshima yote, kimekaa upande. Ragnhild alikuwa akimwona dirishani akishuka kwenye gari na mkasi ukawa unalia hewani bila ubeti wowote.

Mwaka huu, mwezi wa Mei, ndoa ya Tove na Svend Åge ilitimiza miaka hamsini. Hilo kwetu lina taratibu zake. Majirani hufunga tao la matawi ya msonobari na maua ya karatasi mlangoni pa wanandoa, na asubuhi na mapema wanakuja kuwaamsha kwa wimbo. Wanandoa wanajua fika, wamesikia nyundo jana yake, lakini wanatakiwa kujifanya wamelala. Wimbo ukiisha, wanafungua wakiwa na nguo za kulalia, wanashtuka kidogo kwa adabu, na watu wote wanaingia kula mikate na kunywa kitu cha kuchangamsha koo. Sijawahi kusikia mlango uliobaki umefungwa. Nadhani nyumba ingehama.

Majirani wakamwomba Ragnhild wimbo, kwa sababu hakuna mwingine. Nilikuwa kwenye kiti, taulo shingoni, Svend Åge alipoingia. Alifunga mlango kama mtu aliyeingia duka ambamo hatakiwi kuonekana.

"Shemeji," akasema, "unanikata kidogo tu, asijue."

"Ana macho, ataona. Kaa," Ragnhild akamjibu. "Kasemaje?"

Svend Åge akajitazama kwenye kioo. "Kasema kama wimbo ni wako, hafungui. Na mimi nisiguse kitasa."

"Na wewe umesemaje?"

"Mimi nimesema sawa. Ningesemaje? Nimeishi naye miaka hamsini."

Ragnhild akamkata nywele, akamkata na nyusi ambazo hakuombwa. Svend Åge alipotoka, Ragnhild akazunguka viti vyake vitatu, akavizunguka tena. Nikamwambia niko hapa bado, na upande mmoja wa kichwa changu haujafikiwa.

"Villads, nipe mahadhi."

"Yale ya mavuno."

"Nimeyatumia kwa mwenye ng'ombe."

"Yale ya nahodha."

"Hayo niliwapa wale waliokuja kuachana. Unataka dada yangu aamshwe na talaka?"

"Ya kanisani, basi. Yale ya asubuhi."

"Kila nikiyasikia hayo naona meno ya bandia ya yule katibu wa kijiji yakianguka kwenye supu." Akatupa mkasi kwenye beseni. "Hakuna mahadhi safi kisiwa hiki. Nimeyachafua yote mimi mwenyewe."

Ikawa hivyo wiki nzima. Alinipigia simu nikila, nikipanda viazi, nikiwa chooni. Aliimba ubeti, akakata, akaimba mwingine. Nilimwona akitembea ukingo wa maji, mwavuli umefungwa na mvua inanyesha. Wateja walitoka saluni wakigusa masikio kuhakikisha yapo. Nilikasirika, nakiri, kwa sababu mwoga hukasirika, na mimi niliogopa mlango ule kama yeye. Nilijua ukibaki umefungwa mbele ya mtaa mzima, hawa wawili hawatapatana tena mpaka mmoja wao azikwe, na anayebaki atashindwa hata kuchagua wimbo wa kumzikia mwenzake.

Siku moja kabla, akaja kwangu kunipa karatasi. Juu, mahali pa jina la mahadhi, ameandika: ya tarishi.

"Una wazimu," nikamwambia.

"Piga polepole. Kama alivyoimba baba."

"Yeye sikumsikia. Mimi niliyapiga kwa bucha. Na watu watapiga makofi, Ragnhild. Hata uwafunge kamba. Yamo mwilini."

"Unafikiri makofi yale niliyatoa wapi?"

Ndipo akanieleza, amesimama mlangoni mwangu, kuhusu kitanda cha mbao na kidole cha baba yake. Hakuyabuni makofi. Yalikuwamo tangu mwanzo. Alichofanya ni kuyaongezea nguvu yafae ukumbi wa watu waliokunywa, na hakuwahi kumweleza dada yake, kwa sababu miaka yote alidhani dada yake analijua hilo; wiki hii ndipo alipoingiwa na shaka.

"Halijui?" nikauliza.

"Tove alikuwa amelala. Kila siku alikuwa amelala."

Asubuhi tukakusanyika nyuma ya ua wa jirani, jua limeshatoka, nyasi zimelowa. Ragnhild akapita mstari kwa mstari kama sajini.

"Karatasi mkono mmoja. Mwingine mfukoni. Usitoke."

"Hata nikiwashwa pua?" akauliza mmoja wa wale wa meza ya dirishani.

"Wewe hasa. Weka mfukoni, na uukalie ukiweza."

Tukasimama chini ya tao. Pazia la chumbani lilitikisika kidogo, likatulia. Nikavuta pumzi ya kodiani, nikaanza polepole kiasi kwamba vidole vyangu vilitaka kukimbia na nikalazimika kuvishikilia. Majirani walipotambua mahadhi, nikaona macho yakitafutana. Lakini wakaimba. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa Svend Åge na baiskeli aliyoiazima kwenda kuposa. Ulipoisha, mifuko ikatikisika kulia na kushoto, mikono ikipigana na wenye nayo. Hakuna aliyepiga. Ragnhild akasogea peke yake, akagonga mlango mara mbili kwa kidole. Ndani kimya.

Ubeti wa pili, wa njegere za bustanini na watoto. Akagonga. Kimya. Wa tatu ulikuwa na silabi moja ya ziada, tukaurukia kama watu wanaovuka dimbwi. Akagonga. Kimya. Mwanamke aliye nyuma yangu akaanza kunong'ona sala. Nikamchukia Tove kwa muda, nikamchukia kweli, kwa masikio yake yaliyo nyuma ya mlango. Ubeti wa mwisho tukauimba kwa sauti ndogo, bila kuambiwa:

Dada, umelala kweli,
ama u macho chumbani?
Mimi si mtu wa mbali,
nagonga kama zamani.

Ragnhild akagonga mara mbili. Nikafunga kodiani. Hapa ndipo tunapopiga vigelegele mara tatu na mlango unafunguliwa. Hakuna aliyepiga vigelegele. Ndege waliimba, gari la maziwa likapita barabarani, na Ragnhild, ambaye hakai, alisimama hapo mkono umeinuliwa, hajui aushushe wapi. Mtu mmoja akaanza kukunja karatasi yake. Nikamsikia Svend Åge ndani akisafisha koo, halafu akinyamazishwa.

Kisha mlango ukagongwa kutoka ndani. Mara mbili. Taratibu, kwa kidole.

Ragnhild akaegemeza paji la uso kwenye mbao. Mlango ulipofunguka nusura aanguke ndani. Tove alikuwa na gauni la kulalia na sweta la mumewe, nywele zimekaa upande, macho mekundu.

"Ubeti wa tatu unachechemea," akasema.

"Najua."

"Baba asingeuacha hivyo."

"Najua, dada. Lakini ulilala. Kila siku ulilala, mimi nikawa najibu peke yangu."

Tove akamtazama kama anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa.

"Sikulala hata siku moja," akasema. "Nilijua utagonga wewe."

Akamshika mkono, akamwingiza jikoni, akamvutia kiti. Na Ragnhild akakaa.