Wimbo Niliouzika Ndio Tamasha Linaoutaka

Admin, ficha jina langu na la kanisa langu pia, maana huku Rumonge ukipika dagaa mtaa mzima unajua umetia chumvi kiasi gani. Na ninyi wasomaji, kabla hamjaniandikia "mwombe Mungu dada", jueni nimeshaomba. Sasa nataka ushauri wa watu.

Nina miaka ishirini na tisa, sijaolewa, nauza mawese sokoni na naimba. Kuimba nilianzia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikozaliwa, na hapa nimeendelea kwenye harusi na ibada. Sina meneja wala lebo. Nyimbo zangu narekodi kwa rafiki yangu mmoja mwenye kompyuta, kwenye chumba alichotundika magodoro ukutani. Watu wa harusi hunishangilia sana, kisha hunilipa sahani ya wali.

Tuliporudi kutoka kambini baba alikuwa ameshafariki. Shamba la babu kule Gatete tukalikuta lina mtu, ambaye nitamwita Mzee Karoli. Hakulivamia. Alipewa na serikali zamani, babu alipokwisha kukimbia vita, na amelea watoto wake humo. Lakini mimi nilikuwa na hasira za ujana. Mama analima shamba la kukodi, huku michikichi ya baba mkwe wake anaiona kwa macho! Nikatunga wimbo: "Mchikichi wa babu, nani anakula mafuta yako? Ni yule mzee, tumbo la mawese."

Sikutaja jina, lakini nani hakujua? Wimbo ulitembea kwenye simu pwani yote ya ziwa mpaka Magara. Mzee Karoli akipita sokoni, vijana wanamwita Tumbo la Mawese. Akaacha kabisa kuja sokoni. Sitawadanganya, nilifurahi.

Kipindi hicho hicho niliona tangazo la tamasha la nchi jirani, lenye mkutano wa wanamuziki tusio na lebo. Unaimba jukwaani, na chini wamekaa watu wanaotafuta wasanii wa kuwapeleka kwenye matamasha mengine. Nikatuma wimbo ule. Kimya.

Baadaye kesi yetu ya kulidai shamba iliisha kwa kugawana shamba nusu kwa nusu. Siku ya kupatana ililetwa pombe ya ndizi, tukanywa kwa mirija kutoka chungu kimoja, hata mimi wa kwaya. Ndipo Mzee Karoli akasimama.

"Shamba tumegawana, murakoze, asanteni," alisema. "Kitu moja tu naomba kwa huyu mutoto. Ile wimbo. Wajukuu yangu iko wanaitwa hiyo jina ku masomo. Wanarudi na machozi."

Watu wote wakanitazama. Nikamwambia, "Baba, nimeuzika. Hutausikia tena." Nikaufuta kwenye ukurasa wangu pale pale, nikamwonyesha simu. Tangu siku ile tunaishi vizuri. Mama akiumwa, mke wa Mzee Karoli ndiye anayekuja kutuchotea maji.

Sasa juzi tamasha wamejibu. Nimechaguliwa! Nilipiga kelele mpaka mama akadhani kuna msiba. Niliposoma vizuri nikaona wanataka wimbo ule ule. Nikampigia dada anayepanga ratiba, nikamwambia ninazo nyimbo nyingine, tena nzuri zaidi. Akanijibu kwa upole, "Dada, kamati imechagua huo. Tutaurekodi video tuuweke mtandaoni, na huo ndio utakaokufungulia milango. Usipouimba, nafasi itabidi tumpe mwingine. Tujulishe Ijumaa."

Rafiki yangu wa kurekodi anasema, "Kule nani iko anajua huyo muzee? Enda uimbe!" Anasahau simu. Video ikiwekwa, Gatete wataiona kabla sijashuka jukwaani. Nimejaribu kubadilisha maneno, nikatoa mzee, nikatoa tumbo. Nilipomwimbia rafiki huyo akasema sasa umekuwa tangazo la mafuta.

Aliyenishangaza ni mama. Nilidhani atanikataza. Alikuwa anachambua maharage, hata kichwa hakuinua. "Nusu ya shamba nimemeza," alisema. "Baba yako alikufa anaitaja hiyo michikichi. Na wimbo pia nimeze? Enda, imba." Naye ana haki yake. Uchungu ulio ndani ya wimbo ule ni wake kabla haujawa wangu. Na mimi ni mwimbaji jamani. Nafasi kama hii nikiiacha, nitazeeka nalipwa wali. Lakini ahadi ni deni, na niliitoa mbele ya chungu.

Halafu Jumapili, baada ya ibada, Mzee Karoli mwenyewe akaja nyumbani. Amesikia nimechaguliwa, ila wimbo gani hakuna aliyemwambia. Amekuja na jogoo kwapani.

"Amahoro, mwanangu. Hii utakula na mama yako mbele ya safari," alisema. "Nimeambia watu wote pale sokoni, binti yetu anaenda kuimbia dunia."

Pale sokoni. Siku hizi anaenda tena. Akakaa, akaweka fimbo yake chini, akatabasamu. "Sasa niimbie. Nataka niwe wa kwanza kusikia hiyo wimbo watu ya inje wamependa."

Mama alikuwa mlangoni, akaniangalia. Nikadanganya kwamba koo linauma. Mzee akanihurumia kweli, akasema nichemshiwe tangawizi, atarudi Alhamisi nikiwa nimepona.

Koo langu halina ugonjwa wowote. Jogoo bado amefungwa mguu hapa uani, hatujathubutu kumchinja. Ijumaa natakiwa kujibu, lakini Alhamisi inatangulia. Nishaurini, ndugu zangu. Mzee huyu akiingia na kukaa, nimwimbie nini?