Kopo la Latakia Katika Mahari ya Binti Yangu

Baba mkwe wa binti yangu simpendi. Nalisema mapema ili mtu asisome hadi mwisho akidhani kwamba tulipatana. Ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, mfanyabiashara wa jumla mwenye malori na maghala, mlokole, msafi kupita kiasi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaamuru wapakizi. Kila mtu hapa Lubumbashi ananiambia kwamba ni mtu mwema. Huenda ni kweli. Wema wake ndio ulioniharibia tumbaku, na ukaniletea mengine ambayo nitayaeleza.

Kwanza tumbaku. Nilifanya kazi miaka mingi katika maabara ya mgodi, upande wa Kinsevere, nikipima sampuli za shaba. Asidi ilinichubua vidole lakini pua haikuigusa, na pua hii naijivunia kuliko cheti chochote nilichonacho. Aliyenifundisha kuitumia ni Mgiriki mmoja mzee aliyekuwa na duka la vitambaa mjini. Jumamosi alikuwa akikaa kwenye kiti nje ya duka lake na kiko mdomoni, na mimi, ambaye nilikuwa nimeingia kununua kitambaa cha suruali, nilisimama pale nikinusa mpaka akacheka na kunipa kiti.

Latakia, tumbaku aliyokuwa akiivuta, inatoka upande wa Siria na Kupro. Majani yake hutundikwa juu ya moshi wa kuni zenye harufu nzuri, wiki baada ya wiki, mpaka yanakuwa meusi kabisa. Moshi haukuingia kwa bahati mbaya. Moshi ndio kazi yenyewe. Ukifungua kopo unakutana na samaki mkavu wa Kasenga, na ngozi ya kiti cha zamani, na ubani wa Misa kubwa, vyote kwa pamoja. Halafu ndani yake kuna yale majani madogo ya Mashariki, yaliyokaushwa juani, yenye uchachu kidogo, na tumbaku ya Virginia ya kuleta utamu. Unajaza kiko kwa vidole, chini legevu, juu imara kidogo. Unawasha, unakandamiza majivu taratibu, unawasha tena, kisha unanywa moshi polepole bila kuumeza. Ukivuta kwa pupa unaungua ulimi, nawe umejitakia. Kichwa kimoja cha kiko kinatosha saa nzima.

Mgiriki alipofunga duka na kurudi kwao aliniachia kiko na makopo machache. Niliyavuta kwa uchoyo, kama mkulima anayekula mbegu zake. Siku ambazo sikutaka kuyagusa nilivuta tumbaku ya Mitwaba, ile inayoletwa imesokotwa kamba, ambayo kwa kweli inafaa kufukuzia nyoka. Mwishowe kopo la mwisho likabakiwa na kichwa kimoja tu. Hicho nilikihifadhi kwa siku ambayo watu wangekuja kumposa binti yangu.

Binti yangu alikuwa na miaka thelathini na mmoja, muuguzi, mtoto wangu wa pekee. Alikuwa amemsubiri kijana wake miaka minne, kwa sababu yule mzee wa Kivu alitaka kwanza mwanamke wa kanisa lao na si Mkatoliki, mjukuu wa mtu wa reli. Alimpenda huyo kijana. Nilijua hivyo, na naandika hapa kwamba nilijua, ili kesho nisije nikajitetea.

Walikuja kujitambulisha alasiri ya Jumapili, nyumbani kwetu Kasungami. Nilisubiri waketi, nikajaza kile kichwa cha mwisho, nikawasha. Kwangu ilikuwa heshima kubwa kuliko kuchinja. Mzee wa Kivu akainua pua, akatazama dari, akatazama mlango wa jikoni.

“Papa, mutuwie radhi,” akasema. “Mu nyumba kuko kitu inaungua?”

“Hapana, papa. Iko tumbaku.”

“Ah.” Akatoa leso, akaifungua, akaikunja tena. “Sisi atuvutake. Mwili njo hekalu ya Mungu. Munaweza kuzima? Bibi yangu anakosaka pumzi.”

Mke wake akakohoa mara moja, kwa utii. Binti yangu alikuwa mlangoni na sinia ya soda. Aliniangalia kwa macho ambayo baba hawezi kuyakataa. Basi nikakung'uta kiko juu ya kisahani, nusu ya kichwa cha mwisho cha kopo la mwisho, nacho kikafuka pale mbele ya wageni mpaka kikazima chenyewe. Tangu dakika ile damu yangu na ya mtu yule hazikupatana tena.

Sasa, kwetu baba wa binti hasemi siku ya mahari. Anavaa suti, anaketi, anafunga mdomo. Msemaji wetu alikuwa mdogo wangu. Kitu pekee ambacho baba anaweza kusema anakisema mapema, kwa kalamu, ndani ya orodha ya vitu vinavyotakiwa. Na katika orodha ya familia yetu kuna mstari wa zamani, tumbaku ya babu. Watu huleta jani lolote, wazee wanacheka, basi. Mimi nikauandika mstari ule upya: kopo moja la tumbaku ya kiko, mchanganyiko wenye latakia nyingi na majani ya Mashariki, lisilofunguliwa.

Mdogo wangu alisoma mara mbili. “Yaya,” akaniambia, yaani kaka, “ii njo nini?”

“Soma tu vile niliandika.”

“Babu alikufaka zamani.”

“Leo babu njo mimi.”

Binti yangu naye akaichukua ile karatasi. “Papa, unafanya vile juu yangu ao juu yako?”

Nilimjibu kwamba ni mila. Nilimdanganya. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, nilitaka yule mtu wa leso azunguke akiulizia tumbaku kwa mdomo wake mtakatifu. Ya pili ni kwamba nilikuwa na hamu, hamu kali inayomfanya mtu mzima anuse kopo tupu asubuhi, na hii ya pili ndiyo inayoniaibisha zaidi.

Siku ya mahari walikuja na lori zima. Mbuzi, chumvi, jembe, vitenge vya mke wangu, suti yangu, vyote kama vilivyoandikwa, na vingine tusivyoomba. Sebule ilijaa. Binti yangu alikuwa chumbani na shangazi zake, amefunikwa kitenge, akisubiri kuitwa, maana kwetu binti ndiye anayeulizwa mwishoni kama mali ipokelewe. Msemaji wao alipofika kwenye tumbaku, mzee wa Kivu akamgusa bega, akasimama yeye mwenyewe na kopo mkononi.

“Papa, ii tumbaku yenu ilitusumbua,” akasema, akitabasamu. “Dereva yangu aliitafuta Lusaka, akakosa. Akaipata mbali kabisa, Afrika ya Kusini. Lakini tulipofungua tu, ah! Moshi! Balituuzisha bintu bya depo yenye iliungua. Na mi siwezi kuletea mukwe kitu ya kuungua. Njo nikaianika pa bâche ya kufunika lori, siku tatu mu jua, moshi itoke. Ikakuwa ingali inanuka. Basi mama akatia vanila. Vanila ya kwetu kabisa, papa, yenye banatumaka Ulaya.”

Watu wakapiga makofi. Kopo likawekwa magotini kwangu.

Nililifungua. Majani yalikuwa yamekauka, yanavunjika kama majani ya chai, na harufu iliyotoka ilikuwa ya keki ya ubatizo. Nikashusha pua karibu zaidi. Chini, chini kabisa, latakia ilikuwepo bado, lakini hafifu, kama mtu anayeita kutoka nyumba ya tatu. Nikamtazama yule mzee. Alikuwa akinisubiri kwa uso wa furaha. Nilielewa palepale kwamba hakunikejeli. Alifanya kwa tumbaku yangu kile ambacho angefanya kwa maharage yake au samaki wake vikiingiwa na harufu mbaya njiani, tena mtu asiyevuta, aliyeshika jani lile kwa vidole vyake, kwa ajili ya nyumba yangu. Nilielewa yote hayo, na hasira zikanipanda maradufu, kwa sababu kama angenitukana ningejua la kumjibu.

Nikafungua mdomo ambao siku hiyo ulitakiwa kufungwa.

“Mumeiharibu,” nikasema. “Ule moshi njo tumbaku yenyewe. Murudishe.”

Mdogo wangu akanivuta koti, nami nikaukung'uta mkono wake. Mzee wa Kivu alibaki amesimama, tabasamu likimwisha usoni polepole, kisha akachukua kofia yake mezani.

“Tulikuja na heshima,” akasema. “Kama tumbaku njo inakosa, basi tubebe na mbuzi.”

Wajomba zao wakaanza kuinuka. Mmoja alikuwa tayari ameshika mfuko wa chumvi. Kijana mwenyewe, bwana harusi, aliketi akitazama viatu vyake kama mtu aliyepigwa. Nilijua kwamba nikisema neno moja tu, samahani, watu wale wangeketi tena. Neno lilikuwa pale mdomoni. Sikulitoa.

Pazia la chumbani likafunguka. Binti yangu akatoka bila kuitwa, akavuta kitenge kichwani na kukitupa begani.

“Mulikuwa muniite muniulize,” akamwambia baba mdogo wake. “Muniulize sasa.”

Mdogo wangu akamgeukia. “Mwanangu, bii bintu byote, tupokee?”

“Mupokee. Mbuzi, chumvi, jembe, kostime ya papa, yote. Isipokuwa ii.” Akainama, akalitoa kopo magotini kwangu, akalifunga vizuri kwa kiganja. Kisha akaniambia mimi, bila kupaza sauti: “Papa, ii inaenda na mi. Siku utakuja kwangu, ukae pa meza moja na ule papa, ukule bukari yenye nitasonga, njo utaikamata. Mbele ya siku ile, apana.”

Nilidhani watu wataguna. Kilichofuata ni kigelegele, na wa kwanza kukipiga alikuwa mke wangu. Mfuko wa chumvi ukarudishwa chini. Mzee wa Kivu akaketi, akaweka kofia juu ya goti, na hakunitazama tena mpaka walipoondoka.

Siku ya harusi kanisani nilikwenda, nikakaa benchi la nyuma. Kwenye karamu sikwenda. Tangu hapo umepita zaidi ya mwaka. Binti yangu anakaa mjini, nyumba moja na wakwe zake, na nauli ya kufika kwake hainishindi. Yule mzee, kila akikutana na mdogo wangu, anatuma salamu: mwambie papa tumbaku yake ingali, aje. Anatuma kwa moyo mweupe, nadhani. Nikizisikia salamu hizo natamani kuvunja kitu.

Mke wangu ndiye anayekwenda kila mwezi. Ananiletea habari hata nisipouliza. Kopo liko juu ya kabati la vyombo, kando ya picha ya harusi. Wiki kadhaa zilizopita binti yangu alilifungua mbele yake, wakanusa wote wawili, wakakubaliana kwamba vanila imekwisha na moshi umerudi. Niliposikia hivyo sikulala vizuri. Nilimwambia mke wangu kwamba wanawake wawili wasiovuta hawawezi kujua kitu. Lakini najua inawezekana. Manukato ya kutiwa juu hupotea, moshi wa latakia hauondoki kwa siku tatu za jua. Weka ganda la chungwa siku moja humo ndani, lilainishe majani, nawe una kichwa kizuri tu cha kiko.

Mara mbili nimevaa koti. Mara moja nilifika mpaka barabara ya lami. Halafu namwona yule mzee akinivutia kiti kwa furaha yake ile, akiniambia karibu papa, akiomba dua ndefu juu ya bukari, akinikabidhi kopo langu mbele ya watu kana kwamba ndiye aliyeishinda vita, na miguu inageuka yenyewe. Mdogo wangu anasema nina kichwa cha mbuzi. Mimi nasema mtu asiyependa mtu halazimishwi.

Mjukuu alizaliwa mwanzoni mwa masika. Naambiwa ni wa kiume, na ana meno mawili. Naambiwa anashika kila kitu.

Juzi mke wangu alirudi kutoka kwa binti yetu, akavua kitenge alichombebea mtoto, akakitundika juu ya kamba uani. Alipoingia jikoni nilikwenda nikakishika, nikakiweka puani. Maziwa yaliyochacha, hicho nilikitambua. Mafuta ya mise ya kumpaka mtoto, sabuni, makala ya mbabula, jiko la mkaa. Na chini ya hivyo vyote kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuweza kukipa jina, mimi na pua yangu. Nilinusa tena na tena mpaka kitambaa kikawa na harufu ya ndevu zangu za Mitwaba tu.

Nikaingia jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga ya lengalenga.

“Ule mutoto,” nikauliza, “ananukiaka nini?”

Hakuinua kichwa.

“Enda ukamunuse we mwenyewe.”