Kabla Hatujajua Kusema Ploti

Enzi zetu pale Mazwi, nyie mliokulia Sumbawanga mtakuwa mashahidi wangu, hakuna mtu aliyekuwa na ploti. Ardhi ilikuwa na majina ya watu: kwa Bibi Felista, kwa mzee Masanja. Ukitumwa, unakatiza mashamba ya mahindi na ulezi, unaamkia kila unayemkuta, unafika.

Neno lenyewe lilikuja na wapima ardhi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yalipoanza kujaa sabuni za kila rangi. Walichomeka vigingi vyekundu kwenye kona za kila shamba, wakaondoka. Wiki haikuisha, neno liko sokoni, liko bombani kwenye foleni ya ndoo. Sisi wasichana tukachora ploti zetu kwenye vumbi la shule, na asiyepiga hodi hapiti. Hata nyumbani, tulikoongea Kifipa, ploti ikabaki ploti.

Bibi yangu Felista hakuwa na habari. Mvua zilipokaribia kukatika akalima intumba, yale matuta yetu ya duara: unalundika majani, unayafukia kwa udongo, yaoze. Akafukia majani, na vigingi vyote vinne humo humo. "Vimti vizuri, vitaoza taratibu," alimwambia mama, ameridhika kabisa.

Wapima waliporudi kugawa hawakuona kigingi. Wakasema hapa pako wazi, atapewa mwingine. Bibi alikaa chini, jembe mapajani. Sijawahi kuogopa vile. Ndipo mzee Masanja, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, akasogea na fimbo yake.

"Huyu mama akishavuna, ng'ombe wangu wanakula mabua hapa kila mwaka, kwa ruhusa yake. Mpaka wake naujua kuliko nyinyi."

Akautembea wote, kona hadi kona, nao nyuma yake wakichomeka upya. Bibi akaipata ploti yake.

Sasa bibi hayupo. Nimeirithi mimi, nikazungusha ukuta na geti, maana siku hizi bila ukuta huonekani mtu. Wanangu hawamjui jirani kwa jina, ila nywila ya intaneti yake wanayo. Mwaka juzi mzee Masanja, macho yameshafifia, alikuja kunijulia hali. Mwanangu akachungulia getini, akamuuliza, "Una miadi?" Mzee akageuka, akarudi kwake.

Nilipoambiwa nilimfuata, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Alinisamehe kabla sijamaliza. Lakini hajaja tena, na ukuta ule niliujenga mimi.