Sufuria haitoki mpaka Mama Feza aonje: yaliyonikuta Kolwezi

Wakuu, habari za huko mliko.

Naandika nikiwa Kolwezi, Kongo, mji wa shaba na vumbi. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, na huku sina wa kumsimulia, kwa hiyo mtanivumilia. Nalisema kama lilivyotokea, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Kazi yangu ni kuwasaidia wenye biashara waliozidiwa: wapange shughuli, wagawe kazi, wajifunze kuongoza watu badala ya kukimbizana nao. Najua mtacheka, maana hata chumba changu mwenyewe hakijapangwa.

Naishi peke yangu. Siku ambayo sina mteja naweza kufika jioni sijafungua mdomo, isipokuwa kumsalimia muuza mkate.

Sasa kuna mama mmoja, tumwite Mama Feza. Mjane, watoto wake wako Lubumbashi. Alianza na sufuria moja ya sombe, kisamvu cha huku, kando ya barabara, akapanda mpaka akawa anawapikia wafanyakazi wa mgodi mmoja hapa. Ana wapishi wanawake, ana gari la kupeleka chakula, jiko limechangamka kweli.

Shida ilikuwa moja tu. Hakuna sufuria iliyotoka mpaka yeye aonje.

Bukari, ugali wao wa huku, uko tayari. Samaki tayari. Gari linanguruma nje. Wapishi wamejipanga na vijiko wanamsubiri, naye yuko kwenye simu na muuza makaa huku akigombana na fundi wa gari. Chakula kilichelewa kila siku.

Kisha akaugua malaria, akalazwa.

Wakuu, hapa ndipo nilipochoka. Wapishi walikuwa wanampelekea mboga ya kuonja hospitalini kwa pikipiki! Anajiinua na dripu mkononi, anaonja. Na mnajua mdomo wa mgonjwa wa malaria ulivyo.

"Iko buchungu! Mupike ingine!"

Wakamwaga, wakapika upya. Wanaume waliotoka kuchimba wakakaa na njaa hadi alasiri. Mkuu wa site kule mgodini akamtumia ujumbe: kikichelewa tena, anatafuta mpishi mwingine. Ndipo Mama Feza akanipigia.

Nilimkuta kitandani hospitalini, amekonda. Nikamwambia kijiko ampe Béatrice, mpishi aliyekuwa naye tangu enzi za barabarani. Béatrice aonje, Béatrice aamue, gari liondoke. Nilijiandaa kwa mabishano marefu kuhusu chumvi. Hakubisha.

"Béatrice iko muzuri, nayua. Lakini batu bakiacha kuniita, mi nitabakia na nani, tata?"

Tata ni baba kwa huku, ndivyo alivyoniita. Sisi tunafundisha watu kukabidhi madaraka, lakini sijaona anayefundisha la kufanya na mikono ikishabaki mitupu.

Alikubali kwa ajili ya wale wapishi, wasikose kazi. Kesho yake akaruhusiwa kutoka hospitalini, na siku hiyo ya kwanza ya Béatrice akaniomba ashinde kwangu asije akakimbilia jikoni. Alikaa uani kwenye kiti changu cha plastiki, simu mapajani.

Saa ya chakula ikafika. Ikapita. Simu kimya.

 Mimi mwenyewe nikampigia mkuu wa site. Akasema watu wameshakula, wanarudi kazini.

"Mama, tumeshinda!"

Akaitazama simu yake.

"Haiko hata mutu moya alinitafuta."

Akalia. Si machozi ya furaha, msijidanganye. Nilitaka kumfariji nikashindwa, kwa sababu upweke ule naujua vizuri mno.

Jiko likaenda vizuri. Mama Feza akajifunza kukaa na Béatrice asubuhi, kuuliza badala ya kuamrisha, na kumwachia hata shughuli za muuza makaa. Kazi ya mgodini haikumponyoka.

Na mimi? Yangu ikaisha. Ndiyo ubaya wa kazi hii: ukiifanya sawasawa, hakuna anayekuhitaji tena. Nikarudi kwenye chumba changu na muuza mkate wangu, na niliumia kuliko nilivyotarajia.

Jumapili moja nikasikia hodi. Mama Feza, kashika sufuria iliyofungwa kwa kitenge.

"Béatrice alipika. Mi sikuonja, tata. Tuonje sisi bote."

Tukakaa uani, tukala. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo, na niliona ameigundua. Akafungua mdomo, akaufunga, akamega tonge jingine. Muda wote niliomfahamu nilikuwa nimemwona akionja tu. Siku ile alikula akashiba.

Nilichojifunza wakuu: ukimwona bosi kang'ang'ania kila kitu, usikimbilie kusema hawaamini watu wake. Muulize kwanza huwa anakula na nani.

Nanyi mlioanzisha biashara zenu, mlipowaachia wengine usukani mlibaki na nani? Andikeni, nitasoma zote. Jumapili tu ndiyo nitachelewa kujibu, huwa nina mgeni.