Mama Mihayo Ajiweka Rehani

Mama Mihayo wa Didia, jina lake la kuzaliwa Lusia, ni mjane, mkulima wa mpunga, na Mungu amempa sauti ya kusikika kijiji cha pili. Kugombana haogopi hata kidogo. Siku sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walipomkamata Maduhu na fahali wa watu, vijana wakaanza kuulizana petroli iko wapi, alijipenyeza hadi katikati akasimama mbele ya mwizi.

"Mwaka juzi mlimchoma mmoja. Wizi ulikoma?"

Haukukoma, na kila mtu alijua.

"Mayu, mama wewe, unamtetea mwizi?" alifoka Mayala, kamanda wa sungusungu.

"Shikamoo kwanza, Baba Nelly."

"Marahaba," akajibu bila kupenda.

"Simtetei, apelekwe polisi. Ila mwizi hawazi moto. Anawaza kwamba hatakamatwa. Ukipigwa mwano hapa, yowe la hatari, mnatoka wanaume wachache, wengine mnajifunika shuka. Tutoke wote, hata wanawake. Asiyetoka atozwe mbuzi."

"Na ng'ombe wakiibwa tena?" akauliza Mayala.

"Mnitenge mimi."

Watu waliguna. Kutengwa Usukumani si mchezo: moto hupewi, maji hupewi, salamu hupati, na ukifiwa unazika mwenyewe. Hata hivyo walikubali, na Maduhu akapelekwa polisi. Mama Mihayo alirudi nyumbani akijilaumu kwa mdomo wake.

Kiangazi, mchana kweupe, ng'ombe wa Mayala mwenyewe wakaswagwa malishoni. Mwano uliposikika kutoka mtoni, aliupokea kwa sauti yake yote, akatoka mbio na mchi mkononi, akiamini yuko peke yake. Alipogeuka, machozi yalimtoka kwa furaha: Didia nzima ilikuwa nyuma yake, wanawake wengine mikono ingali na unga wa ugali. Vijiji vya mbele navyo vikaupokea mwano. Wezi wakakosa pa kupita, na ng'ombe wote wakarudi.

Kiongozi wa wezi hao alifungwa kamba, hakupigwa hata kofi. Mayala akamchuchumalia.

"Hukusikia kwamba Didia tunachoma wezi?"

"Nilisikia, mzee. Mbona kila mahali wanachoma."

"Sasa ukafuata nini?"

"Niliambiwa hamtoki."

Vigelegele vililipuka. Mayala akainuka, akavua filimbi yake ya ukamanda na kumvisha Mama Mihayo.